Athari ya Mawazo Mema na Mabaya katika Afya na Maisha ya Mtu

Ndugu msomaji, tunapomwona mtu amekonda, chakula hakimshuki, hazungumzi na wenzake, na usiku wa manane angali ameketi barazani hana usingizi, sisi wasemao Kiswahili twasema: "Ana mawazo." Neno lile lile tulitumialo kwa kazi ya akili ndilo tulitumialo kwa maradhi ya namna hii. Wazee waliotuachia lugha yetu walikwisha kutambua kwamba jambo likaalo moyoni haliishii moyoni, bali hushuka mwilini.

Katika somo hili twataka kuchunguza mambo matatu. Kwanza, je, ni kweli kwamba fikira ya mtu huweza kumtia ugonjwa au kumsaidia kupona? Pili, ikiwa ni kweli, nguvu hiyo inafika wapi na inakoma wapi? Tatu, dini inatutaka tufanye nini? Twamwomba msomaji asiishie katika jambo la kwanza tu, kwani mwenye kulishika hilo na kuliacha la pili huweza kuiangamiza nafsi yake.

Habari ya Kitaya

Kitaya ni kijiji cha Mkoa wa Mtwara, kando ya Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni nchi ya Msumbiji. Tarehe 14 Oktoba 2020, katika msimu wa korosho, kundi kubwa la watu wenye silaha lilikivamia kijiji hicho. Vita ya Cabo Delgado, iliyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, ilikuwa imevuka mto. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa moto, na wanakijiji wakakimbia kuokoa roho zao. Siku chache baadaye Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, aliithibitisha habari hiyo mbele ya taifa.

Sasa tumfikirie mtu aliyeokoka katika shambulio kama hilo. Hatumtaji mtu maalumu, kwa sababu hali hii huonekana kila mahali palipopitiwa na vita. Mtu huyu hakupata hata mkwaruzo. Miezi imepita, askari wanalinda, majirani wamerudi. Lakini pikipiki ikilia ghafla barabarani, moyo wake waenda mbio na jasho lamtoka. Shamba lake la bondeni limeota majani kwa sababu miguu yake yakataa kwenda huko. Kichwa chamwuma, tumbo lamsokota, na akipimwa damu haonekani na malaria. Je, mtu huyu ni mgonjwa au si mgonjwa? Na ikiwa ni mgonjwa, ni nini kilichomwumiza, maadamu risasi haikumgusa?

Jinsi fikira inavyoufikia mwili

Mwishoni mwa karne ya 19, eksirei ilipokuwa jambo jipya duniani, kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari huko Harvard, Marekani, jina lake Walter Cannon, aliitumia kutazama tumbo la paka aliyekwisha kula. Aliona tumbo likisaga chakula taratibu. Lakini paka alipoogopa au kukasirika, tumbo lilisimama kabisa. Baadaye, kwa uchunguzi wa miaka mingi, Cannon alieleza sababu yake. Juu ya figo zetu ziko tezi mbili ndogo. Mtu akiona hatari, tezi hizo humwaga katika damu maji yaitwayo adrenalini. Mara moyo hupiga kwa nguvu, damu hukimbilia misulini, kinywa hukauka, na tumbo huacha kazi yake.

Mpango huu ni rehema ya Muumba. Mtu aliyekutana na kiboko katika kingo za Ruvuma anahitaji miguu ya kukimbilia. Hana haja ya kusaga ugali saa ile. Lakini tezi hizo hazina macho. Hazipambanui kati ya kiboko aliye mbele yako leo na kiboko wa mwaka jana unayemkumbuka ukiwa kitandani. Zikipata habari ya hofu kutoka akilini, hufanya kazi yake. Kwa hiyo mtu akiikumbuka hatari kila usiku, mwili wake hukaa katika vita isiyokwisha. Shinikizo la damu hupanda, usingizi hukimbia, na nguvu ya mwili ya kujikinga na maradhi hupungua.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni maneno tu. Basi na atazame jaribio lililofanywa Ohio, Marekani, na kutangazwa mwaka 1995. Wataalamu waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wazee waliopotewa na kumbukumbu, kazi yenye huzuni na wasiwasi wa kila siku. Wakawachukua na wengine 13 wa umri kama huo wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, cha ukubwa ule ule. Vidonda vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa muda wa siku tisa hivi kuliko vya wenzao. Vidonda vyao vilikuwa sawa. Hali ya nyoyo zao ndiyo haikuwa sawa.

Na hapa kwetu tunao mfano unaojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya Kashasha, katika Wilaya ya Bukoba ya wakati ule, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikaenea. Ilipofika tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa nayo, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, ikatokea katika vijiji vingine. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakatafuta sumu katika chakula, wakatafuta vijidudu, wasione kitu. Waliandika mwaka 1963 kwamba ulikuwa ugonjwa uliotoka katika akili. Tena si kwamba watoto wale walikuwa wakiigiza. Waliteseka kweli, wengine kwa siku nyingi. Tusimwambie basi mwenye mateso ya namna hii, "Huna kitu, unajifanya." Anacho kitu, ila hakionekani katika darubini.

Faida ya fikira njema

Tumekwisha kuona upande wa madhara. Sasa na tutazame upande wa manufaa.

Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwatibu askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia. Aliwauliza askari 215 kama walitaka dawa ya kutuliza maumivu. Ni robo yao tu waliosema ndiyo. Baada ya vita alilinganisha hali hiyo na ya raia waliopasuliwa hospitalini, ambao majeraha yao yalikuwa madogo kuliko ya askari. Wengi wao sana waliiomba dawa. Je, askari waliumbwa kwa chuma? Hasha. Beecher alieleza kwamba kwa askari jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai na kurudi nyumbani. Kwa raia lilikuwa na maana ya msiba ulioingia katika maisha ya amani. Maumivu basi hayapimwi kwa ukubwa wa jeraha peke yake, bali pia kwa maana anayoipa mwenye jeraha.

Tena mwaka 1978 wataalamu wa California waliwapa watu waliong'olewa meno dawa isiyokuwa na nguvu yoyote, bila wao kujua. Baadhi yao walipata nafuu. Kisha walipewa dawa iitwayo naloksoni, ambayo kazi yake ni kuzuia nguvu ya afyuni na jamii yake. Maumivu yakarudi. Jambo hili lilionyesha kwamba nafuu ile haikuwa ya kuwaziwa tu. Mwili wenyewe, kwa kutumaini kupona, ulikuwa umetengeneza dawa yake ya kutuliza maumivu. Muumba ameiweka akiba hiyo ndani yetu, na tumaini ni mojawapo ya funguo zake.

Mahali fikira inapokoma

Hapa, ndugu msomaji, ndipo wengi wanapoteleza. Wakisikia hayo husema kwamba basi yatosha mtu kuwaza mema, na kila kitu kitakuwa chema. Historia ya kusini mwa Tanzania inatuonya vikali.

Mwezi wa Julai 1905, watu wa milima ya Umatumbi, waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani, walianzisha vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, na wakaamini kwamba risasi za Mjerumani zitageuka kuwa maji. Hatuubezi ushujaa wao. Dhuluma waliyoipinga ilikuwa dhuluma kweli, na imani ile iliwaunganisha watu wa makabila mengi. Lakini tarehe 30 Agosti 1905, maelfu yao waliiendea boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha ziliwaangusha kama mtama uvunwao. Vita ilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wengine wametaja 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa, kwa sababu vyakula vilichomwa.

Imani ile iliweza kuondoa woga katika moyo wa mpiganaji. Haikuweza kugeuza risasi. Huo ndio mpaka wenyewe. Fikira ya mtu hutenda kazi ndani ya mwili wake, katika moyo wake, tumbo lake, usingizi wake na maumivu yake. Haina amri juu ya risasi, wala juu ya vijidudu vya malaria, wala juu ya virusi vya ukimwi. Mwenye kisukari akiacha dawa zake kwa kuwa "amekwisha kuamini kwamba amepona," hana tumaini huyo. Anajidanganya, na mwili wake utalipa.

Kadhalika fikira mbaya huua kwa kumzuia mtu asifanye lililo lazima. Akina mama wa pwani wanaijua degedege. Mtoto ana homa kali, mara anakakamaa na macho yanageuka. Wengi waliambiwa na wakubwa wao kwamba ni shetani aliyempitia, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Basi alifukizwa nyumbani, huku malaria ikipanda kichwani. Na malaria kali huweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Hapo hofu ya shetani ilifanya kazi ambayo ugonjwa peke yake haukuweza kuifanya: ilimfunga mama miguu asiende zahanati.

Kwa hiyo twaweza kupata kipimo cha kupambanua. Fikira njema ni ile inayomwinua mtu afanye wajibu wake. Fikira mbaya ni ile inayomfunga mikono, hata kama ni tamu masikioni.

Mafundisho ya dini

Mtume Muhammad s.a.w. aliyaunganisha mambo haya mawili. Alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameleta na dawa yake, na akaamuru watu wajitibu. Aliikataa itikadi ya nuksi na ndege mbaya, lakini alipenda neno jema lenye kumpa mtu matumaini. Alipomzuru mgonjwa alimliwaza kwamba hakuna ubaya, na kwamba ugonjwa ule utamtakasa. Linganisha hayo na desturi yetu ya kumzunguka mgonjwa na kuanza kuwahesabu waliokufa kwa ugonjwa kama wake!

Lakini mtu aliyeingia dini karibuni aweza kuuliza: "Je, nikiwa na hofu na huzuni, si dalili kwamba imani yangu ni pungufu?" Swali hili ni zito, na wengine wamejibiwa vibaya wakazidi kuugua. Na atazame habari ya Nabii Yakubu a.s. katika Kurani Tukufu. Alimlilia mwanawe Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Alikuwa Nabii wa Mungu, na mwili wake uliathirika kwa huzuni ya moyo wake. Mungu hakumwita dhaifu wa imani. Naye, katika huzuni ile ile, aliwatuma wanawe waende wakamtafute ndugu yao, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mungu. Twaona basi kwamba kulia si kukata tamaa. Macho ya Yakubu yalilia, na bado ulimi wake uliagiza watu kutafuta.

Mambo ya kufanya

Yafuatayo yaweza kumfaa mwenye mzigo wa mawazo, awe Kitaya au mahali pengine.

La kwanza, autaje mzigo wake kwa mtu mwaminifu. Katika lugha ya Kishona huko Zimbabwe, ugonjwa huu huitwa kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo "mawazo." Kuanzia mwaka 2006, daktari wa huko, Dixon Chibanda, aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo, kisha kuwasaidia wachague tatizo moja na kulitafutia njia. Wataalamu walipowachunguza wagonjwa 573, na matokeo kutangazwa mwaka 2016, ilionekana kwamba baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata matibabu ya kawaida walikuwa bado na dalili za ugonjwa. Lakini kwa wale walioketi na akina bibi, hawakufika 14 katika kila 100. Kila kijiji chetu kina mabibi na mababu. Benchi haigharimu fedha nyingi.

La pili, ashike kazi ndogo kila siku, hata kama moyo hautaki. Aogopaye shamba la bondeni aende leo mpaka njia panda pamoja na mwenzake, kesho afike mpakani mwa shamba, keshokutwa aingie. Mwili hujifunza amani kidogo kidogo kama ulivyojifunza hofu.

La tatu, aishike Sala kwa wakati wake. Pamoja na thawabu yake, Sala huupa mchana na usiku mpango, humtoa mtu katika upweke, na humpa mahali pa kuutua mzigo asioweza kumwambia mwanadamu. Kumkumbuka Mungu ndiko kunakotuliza moyo.

La nne, asivibebe vitisho vya kila mpita njia. Habari ya kweli ya hatari ni lazima kuisikiliza na kuipeleka kwa wahusika. Uvumi unaorudiwa kila jioni huzichokoza tezi zile tulizozitaja, wala haumlindi mtu na lolote.

La tano, akikaa majuma mawili au zaidi bila usingizi wala hamu ya chakula, au akianza kuwaza kwamba afadhali afe, aende zahanati aeleze wazi, na akipelekwa katika hospitali kubwa, kama Ligula pale Mtwara, aende bila aibu. Jamaa zake wasimwache peke yake. Kwenda kwa daktari ni kumfunga ngamia.

Tumrudie sasa yule mtu wetu wa ukingoni mwa Ruvuma. Hatumwambii asahau, kwani hawezi. Hatumwambii kwamba baya halitatokea tena, kwani hatuna elimu ya ghaibu. Twamkumbusha lile fundisho la Mtume s.a.w. kwamba mtu aliye na mche mkononi, hata akiiona Kiyama inakuja, aupande akiweza. Mkorosho hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa. Anayeupanda katika ardhi iliyowahi kuungua amekwisha kuamua, mbele ya Mungu na mbele ya hofu yake, kwamba miaka hiyo mitatu ataiishi. Hiyo ndiyo fikira njema: ina jembe mkononi.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, awaponye waliojeruhiwa miili na nyoyo, ailinde mipaka yetu na ya jirani zetu, na atujalie dhana njema pamoja na matendo mema. Amin.